Damu ya kitovu: kipimo cha kwanza cha mtoto mchanga



Kila mara mtoto anapozaliwa kwenye maternite, kuna kitu kinachotupwa ambacho kingeweza kumsaidia mtoto huyo kuishi. Kitu hicho ni damu inayobaki ndani ya kamba ya kitovu na ndani ya kondo la nyuma, wakati mtoto amekwisha kukatwa kitovu na kulala juu ya kifua cha mama yake.

Akina mama wengi wanaogopa wanapoona mkunga anaivuta damu hiyo kwa sindano. Mababa nao wanakuja kutuuliza: «Damu ya mtoto wangu mnaipeleka wapi?» Swali hilo ni la haki. Mzazi ana haki ya kujua kila kitu kinachofanywa juu ya mtoto wake. Basi leo ukurasa huu utaeleza damu hiyo ni nini, inapimwa kwa sababu gani, na jamaa inapaswa kufanya nini majibu yanapotoka.

DAMU HIYO NI YA NANI?

Ndani ya tumbo la mama mtoto havuti hewa wala hali kwa kinywa. Hewa na chakula vinamfikia kwa njia ya kamba ya kitovu. Kamba hiyo ina mishipa mitatu: mmoja mkubwa unaoleta damu kwa mtoto, na miwili midogo inayoirudisha kwenye kondo la nyuma.

Wengi wanafikiri kwamba damu ya mama inaingia ndani ya mtoto. Sivyo. Ndani ya kondo la nyuma damu ya mama na damu ya mtoto zinapita karibu karibu, lakini kila moja ina njia yake. Ni kama vyumba viwili vinavyotengwa na dirisha la wavu: upepo unapita, watu hawapiti. Kwa hiyo damu tunayoikuta ndani ya kamba ni damu ya mtoto mwenyewe. Kuipima ni sawa na kumpima mtoto, lakini bila kumchoma.

Faida hiyo si ndogo. Mtoto wa kilo 3 ana damu ya mililita 240 hivi mwilini mwake, yaani theluthi moja ya chupa kubwa ya bia ya 72 cl. Na mshipa wake ni mwembamba kama uzi. Kumchoma mara kwa mara ni kumtesa na kumpunguzia kile kidogo alicho nacho. Lakini damu iliyobaki kwenye kondo haimpunguzii hata tone moja.

NAMNA INAVYOCHUKULIWA

Kazi hiyo inafuata utaratibu, kama kazi ya kwenye mashine.

1. Mtoto anazaliwa, anapanguswa, analala juu ya mama. Mkunga hakati kitovu mbio mbio. Shirika la Afya la Dunia linaagiza kungoja angalau dakika 1, ili mtoto apate damu yake inayotoka kwenye kondo. Damu hiyo ya mwisho inamwongezea nguvu na kumkinga na upungufu wa damu katika miezi ya kwanza. Mtu asikubali mtoto akatwe kitovu upesi ili chupa za laboratwari zijae. Mtoto anapata kwanza haki yake, laboratwari inachukua masalio. Mtoto asipovuta hewa vizuri, kumsaidia kupumua kunatangulia kipimo chochote.

2. Kamba inafungwa mahali pawili na kukatwa katikati. Tangu hapo upande wa kondo haumhusu mtoto tena.

3. Mkunga anapangusa kamba vizuri, kwa kuwa nje yake imeshika damu ya mama. Kisha anachoma sindano ndani ya mshipa mkubwa, upande wa kondo, na kuvuta mililita chache. Hakamui kamba ili damu idondoke ndani ya kichupa, kwa sababu hapo ndipo damu ya mama na ya mtoto zinapochanganyika, na majibu yanakuwa ya uongo.

4. Damu inatiwa katika vichupa: kimoja chenye dawa ya kuizuia isigande, na kingine kisicho na dawa. Pahali pasipo na laboratwari karibu, matone machache yanadondoshwa juu ya karatasi maalum, yanakaushwa, na karatasi inasafirishwa.

5. Papo hapo, kabla ya kuondoka kitandani, mkunga anaandika jina la mama, tarehe, saa, na kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Wakizaliwa mapacha, anaandika wa kwanza na wa pili. Kichupa kisicho na jina kinatupwa, kwani jibu la mtoto mwingine ni hatari kuliko kukosa jibu.

UGONJWA WA SS UNATAFUTWA KWANZA

Hakuna kambi ya wafanyakazi isiyojua jamaa yenye mtoto wa SS: mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, mwenye macho ya njano, anayehitaji kuongezwa damu mara kwa mara. Wanganga wanauita ugonjwa huo drepanositozi.

Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na laini, zinapita kwenye mishipa myembamba bila shida. Kwa mtu wa SS zinapinda kama mundu na kuwa ngumu. Zinaziba mishipa, ndiyo maana ya maumivu; tena zinavunjika upesi, ndiyo maana ya kupungukiwa damu.

Ugonjwa huo si wa kuambukizwa, si wa kulogwa, si adhabu. Ni wa urithi. Kila mtu amepokea alama mbili za damu, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye A mbili ni AA. Mwenye A na S ni AS: haugui SS, anafanya kazi zake, na mara nyingi hajui hata kidogo kwamba ana S. Mwenye S mbili ndiye mgonjwa.

Baba wa AS akioa mama wa AS, kila mimba ina bahati nne: moja ya kuzaa AA, mbili za kuzaa AS, na moja ya kuzaa SS. Hesabu hiyo inaanza upya kwa kila mimba. Jamaa inaweza kupata watoto watatu wazima na wa nne SS. Nyingine ikapata wawili SS mfululizo.

Hapa tuseme wazi, kwa sababu nyumba nyingi zimevunjika juu ya jambo hili. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa mama na S moja kwa baba. Ndugu wa mume wanaomfukuza bibi wakisema «damu yake ni mbaya» wanamwonea. Jambo hili ni la wazazi wawili, na mtoto anawahitaji wote wawili.

Ugonjwa huo si haba kwetu. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009, wanganga wa Kinshasa walipima watoto wachanga 31,204. Karibu 17 kwa 100 walikuwa AS, na 1.4 kwa 100 walikuwa SS. Maana yake, kwenye maternite inayozalisha watoto 1,000, tungeweza kukuta 14 wenye SS. Hao 14 siku ya kuzaliwa wanaonekana wazima kabisa. Wananyonya, wanalia, wana uzito mzuri. Hakuna jicho la mama wala la mnganga linaloweza kuwatambua.

KWA NINI SIKU YA KWANZA?

Wazazi wanauliza: kama mtoto ni mzima, kwa nini tusingoje aonyeshe dalili?

Mtoto anazaliwa na damu ya namna nyingine, inayoitwa F, iliyomsaidia tumboni. Damu ya F haipindi, kwa hiyo inamkinga. Lakini inapungua polepole, na S inashika nafasi yake. Kwa kawaida shida zinaanza wakati mtoto ana miezi minne au sita hivi: vidole vya mikono na miguu vinavimba, wengu unajaa damu ghafla, homa kali inampata. Na kwa watoto wengi homa hiyo ya kwanza ndiyo ya mwisho. Vijidudu vinavyoitwa pneumokoke vinaweza kumuua mtoto wa SS kwa muda wa saa chache, kwa sababu wengu wake haupigani tena. Wataalamu waliandika mwaka 2011 kwamba katika Afrika zaidi ya nusu ya watoto wa SS walikufa wadogo. Wengi wao walizikwa bila mtu kujua ugonjwa wao. Jamaa ikasema ni malaria, au ikamshtaki jirani kwa ulozi.

Mtoto anayejulikana tangu kuzaliwa anaweza kukingwa. Mwaka 1986 wanganga wa Marekani walitangaza majaribio juu ya watoto 215 wa SS. Kati ya 105 waliokunywa penisilini kila siku, 2 tu walipata maambukizo makali ya pneumokoke. Kati ya 110 wasioipata, 13 walipatwa na 3 walikufa. Wanganga walikatiza majaribio kabla ya wakati, kwa kuwa haikuwa haki kuwanyima wengine dawa. Penisilini ni dawa ya bei ndogo na ya zamani. Inachotaka ni kuanza mapema, yaani kabla ya mwezi wa nne.

Damu ya kitovu imeonyesha faida yake kwingine. Huko Jamaika, katika mji wa Kingston, watoto 100,000 walipimwa kwa damu ya kitovu kati ya mwaka 1973 na 1981. 315 walikutwa na SS wakafuatwa tangu siku ya kwanza. Mama zao walifundishwa kugusa tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu, ili watambue wengu unapovimba na kukimbia hospitali. Vifo vya namna hiyo vilipungua sana, na aliyevipunguza ni mama kwa mkono wake. Huko Bruxelles, mji wenye jamaa nyingi zilizotoka Kongo, maternite zilianza mwaka 1994 kupima SS kwa damu ya kitovu.

Jambo moja tena la kujua. Kipimo cha Emmel, ambacho wengi wenu mmekisikia kwenye dispansere, hakifai kwa mtoto mchanga. Kipimo hicho kinatazama kama chembe zinapinda, na mtoto mchanga bado ana F nyingi na S kidogo. Emmel inaweza kusema «hakuna» kumbe ipo. Tena haitengi AS na SS. Kwa mtoto mchanga inafaa elektroforezi, mashine inayotenganisha F, A na S, au kipimo cha haraka kinachotambua A na S kila moja peke yake.

MACHO YA NJANO YA SIKU ZA KWANZA

Damu ya kitovu inatuambia vilevile grupu ya damu ya mtoto na Rhesus yake. Mama wa grupu O akizaa mtoto wa A au B, au mama wa Rhesus negatif akizaa mtoto wa Rhesus pozitif, inaweza kutokea kwamba kinga za mama zinavunja chembe za damu za mtoto. Kipimo kiitwacho Coombs, kinachofanywa juu ya damu hiyo hiyo ya kitovu, kinaonyesha kama kinga hizo zimeshika chembe za mtoto.

Watoto wengi wanakuwa njano kidogo siku ya tatu, na inapita. Lakini unjano unaotokea kabla ya saa 24 ni hatari. Ukizidi unaingia kwenye ubongo, na mtoto anaweza kufa, kuwa kiziwi au kilema. Kumweka juani mlangoni hakutoshi. Mtoto huyo anahitaji taa maalum ya hospitali.

Watu wa Rhesus negatif ni wachache kwetu, lakini wapo. Mama mwenye Rhesus negatif akizaa mtoto wa Rhesus pozitif, inafaa apewe sindano ya anti-D kabla ya saa 72 kupita, ili mimba inayofuata isiharibike. Bila kujua grupu ya mtoto, saa hizo zinapita bure.

DAMU YA KITOVU HAISEMI YOTE

Kipimo kizuri kina mipaka, na mipaka hiyo inafaa kujulikana.

Kwanza, jibu la SS kwenye damu ya kitovu linahakikishwa tena kwa damu ya kisigino katika majuma yanayofuata. Na pengine damu ya mama wa AS imechanganyika na ya mtoto wa SS. Hapo A ya mama itaonekana, na mtoto mgonjwa ataitwa AS. Ndiyo sababu ya kupangusa kamba na kutokuikamua. Mtoto aliyeambiwa AS akivimba vidole, apimwe tena bila kubishana.

Pili, UKIMWI wa mtoto hautafutwi kwenye kitovu. Kinga za mama zinapita kwa mtoto na zinakaa miezi mingi; kipimo cha kawaida kingemsoma mama na si mtoto. Mtoto wa mama mwenye virusi ana kipimo chake, kinachofanywa kwa damu ya kisigino anapofika majuma manne au sita.

Tatu, magonjwa mengine ya kuzaliwa nayo yanaonekana tu kisha mtoto amenyonya siku mbili tatu. Hayo pia yanatafutwa kwa kisigino.

DAMU YA KITOVU NA KAZI YA MGODI

Sisi tunaoishi karibu na madini tuna sababu yetu wenyewe ya kusikiliza damu hiyo. Kati ya mwaka 2013 na 2015, watafiti wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji waliwachunguza watoto waliozaliwa na vilema vya kuonekana, wakawalinganisha na watoto wasio na vilema. Walipima madini katika damu ya kitovu. Majibu yalitangazwa mwaka 2020: baba mwenye kazi ya mgodi alikutwa mara nyingi zaidi upande wa watoto wenye vilema. Katika damu ya kitovu, manganeze na zinki zilikuwa nyingi zaidi upande huo huo.

Tusiyasome vibaya majibu hayo. Vilema vya namna hiyo ni haba, na watoto waliochunguzwa hawakuwa wengi. Hayasemi kwamba kila mchimbaji atazaa mtoto kilema. Lakini yanatosha kutufanya tujihadhari, na kujihadhari hakungoji utafiti mwingine. Vumbi la mgodi lisilale nyumbani. Oga kazini kabla ya kurudi. Acha nguo za kazi na viatu huko huko. Kama nguo zinafuliwa nyumbani, zisifuliwe na mama mwenye mimba, tena zitengwe na nguo za watoto. Usile wala usivute sigara kwa mikono yenye vumbi. Kizuia vumbi cha puani ni cha kuvaliwa puani, si shingoni.

MASWALI YA WAZAZI

Je, damu hiyo inauzwa? Hapana. Inachukuliwa kidogo tu, na kipimo kinaimaliza. Kinachobaki kinateketezwa pamoja na taka za laboratwari.

Na kondo la nyuma? Jamaa inayotaka kulizika kufuata desturi yake ilijulishe maternite mbele. Kipimo hakizuii.

Je, mama anaweza kukataa? Ndiyo. Inafaa aulizwe mbele, wakati wa CPN, na si wakati uchungu umemshika. Baba aje naye siku moja, asikie yeye mwenyewe.

Nani ataona majibu? Wazazi na wanganga wao. Majibu ni siri, yanaandikwa ndani ya fishi ya mtoto. Mkubwa wa kazi hahusiki nayo, wala majirani.

TUKUMBUKE

Kipimo bila kwenda kuchukua majibu ni kazi bure. Basi:

– Wakati wa CPN, mama na baba wapimwe grupu, Rhesus na elektroforezi. Vijana wanaotaka kuoana wafanye vivyo hivyo kabla ya kutoa mali.

– Siku ya kutoka maternite, uliza: «Mmechukua damu ya kitovu? Majibu yatatoka siku gani?» Siku hiyo nenda, hata kama mtoto anaonekana mzima. Kama mama bado hana nguvu, baba aende.

– Jibu likiwa AS, mtoto si mgonjwa. Mwandikie, ajue atakapofikia kuoa au kuolewa.

– Jibu likiwa SS, usikate tamaa. Rudi kwa kipimo cha pili. Anza penisilini kama dokta alivyoagiza, usiruke siku. Chanjo zote zifanywe, ile ya pneumokoke zaidi. Mtoto alale ndani ya mustikere yenye dawa kila usiku, maana malaria inamuua upesi. Anywe maji mengi, asipatwe na baridi. Usimpe dawa ya chuma bila kuagizwa na dokta.

– Mtoto wa SS mwenye homa hangoji asubuhi. Vivyo hivyo akipauka ghafla, au tumbo la kushoto likivimba. Mpeleke usiku huo huo, na kwa mlango wa hospitali sema neno la kwanza: «Ni SS.»

– Uliza dokta juu ya dawa ya hydroxyurée. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2019, yaliyofanywa Kinshasa na katika nchi nyingine tatu za Afrika, yalionyesha kwamba inapunguza maumivu, haja ya kuongezwa damu, na vifo. Inatolewa na dokta, na damu inapimwa mara kwa mara.

Watoto wa SS waliotambuliwa mapema wanakwenda masomoni, wanakua, na wengine leo ni baba na mama wa jamaa. Mama atakayezaa mwezi huu aongee na mkunga wake juma hili, kabla siku haijafika.